Supu Bila Kelele

Jioni yetu ya kwanza ugenini, mume wangu alikunywa supu bila kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Mgahawa ulikuwa wa vitambaa vyeupe, wageni walinong'ona kama wako maktabani, na mume wangu ni mwonjaji wa chai. Mwonjaji hanywi, huivuta chai kutoka kijikoni kwa mlio wa bomba lililoziba, ili ichanganyike na hewa, huizungusha kinywani, kisha huitema ndooni. Mtindo huo aliutoa kazini akauleta mezani, na katika ndoa yetu yote sijapata kumwona akinywa kitu kama watu wengine. Watoto walimbatiza Bwana Pampu. Jioni ile alitia kijiko mdomoni, akafumba midomo, akameza.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Nzuri sana. Tangawizi imekaa vizuri."

Tuna desturi yetu. Hatuagizi chakula cha aina moja, kila mmoja huchukua chake, na sahani zikifika nusu yeye husema "Zamu!" nasi hubadilishana. Aliposema "Zamu," nikalivuta bakuli lake. Ilikuwa supu ya maboga. Sikuona tangawizi. Nikaonja tena, nikalishika funda kinywani, nikakosa. Mimi ni mfamasia, nimezoea kuamini kinachopimwa; lakini katika mambo ya ladha, kipimo cha nyumba yetu ni ulimi wa mume wangu. Nikahitimisha kwamba ulimi wangu umechoshwa na safari. Menyu ilikuwa bado wazi kando ya kiwiko chake, na tangawizi ilikuwa imetajwa humo.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya kampuni. Mwonjaji mkuu alikuwa anastaafu, na tukirudi mume wangu ndiye angekalia kiti chake. Tangu hapo hakuna chai ambayo ingetoka ghalani kabla hajaionja. Cheo hicho alikitamani tangu tulipokuwa wachumba, alipokuwa bado akiosha vikombe vya waonjaji wakubwa na kuiba mabaki ili ajifunze.

Kesho yake tulipanda mnara, tukaingia jumba la makumbusho, tukavuka daraja ambalo kila mtu alisimama kupigwa picha. Alitembea mbele yangu, jambo ambalo si kawaida yake. Nikisimama kutazama kitu, nikigeuka namkuta yuko chumba kingine. Tulipita kwenye duka la mikate, tanuri limetoka tu kufunguliwa. Watu wote njiani wakapunguza mwendo. Yeye hakupunguza. Picha za siku ile ninazo: mimi na mnara, mimi na farasi wa shaba, mimi darajani. Yeye hayumo. Hakuna kati yetu aliyewaza kumwomba mpita njia atupige wote wawili.

Binti yetu alipiga simu tukiwa tumekaa kwenye benchi.

"Mama, Bwana Pampu hajawafukuzisha huko?"

"Bado. Amekuwa mstaarabu."

"Mstaarabu? Mpeleke hospitali!" Akacheka peke yake. "Mwambie wenzake wameshapaka rangi ofisi yake. Na shangazi ameshashona nguo ya sherehe, ya kung'aa, hata kipofu ataiona."

Nikampa mume wangu habari. Alitabasamu, akavua miwani, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Siku ya mwisho, asubuhi, tulikwenda bustani ya mimea. Ndani ya nyumba ya vioo palikuwa na ua kubwa la rangi ya nyama mbichi, ambalo hufunuka mara chache sana na hunuka kama mzoga. Kabla sijalifikia, harufu ilinipata kooni. Watu walikuwa wameziba pua kwa mitandio, kwa kola za mashati, kwa viganja. Mtoto mmoja alilia atolewe nje. Mume wangu alikuwa ametangulia. Alisimama karibu kuliko wote, mikono nyuma, ameinama akisoma kibao cha maelezo, uso umetulia kama wa mtu anayesoma gazeti barazani kwake. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akainua macho, akawatazama watu, mmoja baada ya mwingine. Akatoa leso mfukoni polepole, akaikunjua, akaiweka puani.

Hakujua kwamba ninamwona.

Tulipotoka nikamwambia, "Lile ua ni balaa."

"Balaa," akasema. "Limenichoma hadi kichwani."

Nilikumbuka mafua yake ya msimu wa mvua, yaliyomlaza kitandani. Dawa nilimpa mimi mwenyewe. Pua ikifa, ulimi hubaki na chumvi, sukari, uchachu na uchungu, basi. Wengine hurudiwa na hisia ya kunusa, wengine hawarudiwi. Haya ningemweleza mgonjwa yeyote dirishani kwangu bila kigugumizi. Lakini huyu hakuja dirishani. Alikuwa amelala ubavuni mwangu miezi yote hiyo, na kila asubuhi alikwenda kazini kuvuta, kuzungusha na kutema maji ya moto, akisikiliza wenzake wanasema nini kwanza.

Chakula cha mchana tulikula kwenye mgahawa mdogo karibu na kituo cha treni, mizigo yetu miguuni. Tuliletewa supu, yake na yangu. Akanywa kimya, jicho likiteleza kwenye menyu.

Nilikuwa nimetunga maneno njiani. Nikayaacha. Nikaonja supu yangu, nikasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Chumvi imezidi kidogo. Halafu unakuja uchachu. Si wa limau."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

Akakata mkate, hakuula. Mhudumu akaja kumimina maji, akaondoka. Nikadhani mazungumzo yamekwisha, pengine na mengine yote. Kisha akauliza, bila kuinua uso:

"Upande gani wa ulimi?"

"Pembeni. Karibu na magego."

"Unakaa au unapita?"

"Unakaa."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshika kijiko kwa vidole viwili, kama wanavyokishika kazini.

"Watanijua siku ya kwanza," akasema.

"Watakujua."

"Wewe umejua lini?"

"Leo, kule kwenye ua. Ningejua tangu supu ya kwanza, lakini niliamini ulimi wako kuliko wangu."

Alitaka kucheka, ikatoka pumzi tu. Nje treni ilifika, si yetu. Akalisukuma bakuli lake kuelekea kwangu. Halikuwa limefika nusu, wala hakusema "Zamu."

"Onja hii."

Nikaonja. "Uyoga," nikasema. "Na kitu cha moshi."

"Moshi wa nini?"

"Sijui."

"Huwezi kujua, unakunywa kama mgeni. Vuta. Bila hewa hupati kitu."

"Hapa? Watu wote hawa?"

"Vuta, mke wangu."

Nikavuta. Mlio ulitoka mkubwa kuliko nilivyotarajia. Wa meza ya jirani wakageuka, mama mmoja akaacha uma hewani. Nikamtazama mume wangu ili tuaibike pamoja. Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha kwangu, akisubiri nimwambie.