Kesi ya Mtu Asiyekunywa

Kwa Watanzania na Wakenya wote waishio kandokando ya Washington, kuanzia Laurel mpaka Woodbridge, Gregori alikuwa Texas akisomea kompyuta. Ndivyo alivyotangaza Mzee Anatoli, mwenyekiti wa chama chao cha kusaidiana, na watu wakafurahi kama inavyopasa, ingawa hapakuwa na hata mmoja asiyejua kwamba Gregori alikuwa papo hapo jirani, Rockville, katika nyumba ya kutibu walevi. Alikamatwa kwa mara ya pili akiendesha gari amelewa. Hakimu akampa miaka miwili jela, kisha akaisimamisha: akikaa katika nyumba ile na kutii masharti yake, jela hataiona. Watu walipomuuliza mkewe, Genoveva, kama kompyuta za Texas ni ngumu, alijibu kwamba ni ngumu kiasi.

Texas ilimchosha. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani, kuwainua kitandani na kuwarudisha, na akirudi jioni alikuta simu za kumpa pole zisizosema ni pole ya nini. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Tangu Gregori apelekwe Rockville, yeye alikuwa analala usingizi. Jumapili alikwenda kumwona, akamkuta amenyoa ndevu, macho meupe, anakumbuka walichozungumza wiki iliyopita. Huyo ndiye mume aliyemtaka. Aliogopa kurudishiwa yule wa zamani kabla huyu hajakomaa, na aliogopa zaidi kukosa wote wawili.

Mambo yaliharibika chama kilipopata habari za yanayofanyika mle ndani. Ikasemekana kwamba kila asubuhi wanakaa mduara, na mtu mzima mwenye mke na mtoto anasimama mbele ya vijana wavuta unga na kutamka: naitwa Gregori, mimi ni mlevi.

"Mtu anajitukana mwenyewe, na Wamarekani wanampigia makofi," alisema Mzee Anatoli katika mkutano wa dharura, sebuleni kwake Woodbridge. Mkononi alikuwa na glasi ambayo, kwa uzito wa dharura yenyewe, ilijazwa kila ilipopungua. Wajumbe walisikitika sana, nao wakajaziwa. Kwao wao mlevi ni mtu anayeokotwa mtaroni. Gregori alikuwa na suti na alikuwa akilipa michango ya chama.

Mzee Anatoli aliijua njia. Hakimu ni mkubwa, na mkubwa haachwi aamue jambo bila wenye mtu wao kumwendea. Alikuwa ameongoza posa nyingi maishani mwake, na alipenda kukumbusha watu kwamba hakuna hata moja iliyorudi mikono mitupu. Basi siku Gregori atakapopelekwa mahakamani ili hakimu aangalie maendeleo yake, chama kingekwenda na ujumbe. Msemaji angekuwa mmoja na neno lingekuwa moja: mtu huyu hanywi.

"Lakini Mzee, wakili amesema tukae kimya," Genoveva alisema. "Akionekana anakataa kwamba anakunywa, wanamtoa pale. Na akitolewa pale, anakwenda jela."

"Wakili mwenyewe kawekwa na serikali. Atamtetea nani?" Mzee Anatoli alimtazama kwa huruma. "Wewe ni mke, mwanangu. Siku ya posa bibi harusi hasemi. Anasemewa."

Nyaguthii, katibu wa chama, Mkenya aliyezoea kupanga watu na wakapangika, alimshika bega. "Mama Ethan, relax. Tutavaa poa, tutaingia tukiwa wengi, judge ataona huyu jamaa ako na watu wake. Si hawa wazungu hupenda sana mambo ya community?"

Siku ikafika. Wanaume walivaa suti za Pasaka na wanawake sare za kitenge za chama, mpaka askari wa mlangoni akawauliza ni harusi ya nani. Genoveva alikaa katikati ya benchi, amebanwa huku na huku. Gregori aliletwa na mshauri wake, Leonard, Mmarekani mwenye mwili mkubwa ambaye zamani alikuwa mlevi yeye mwenyewe, na hakuona haya kulisema hilo kwa yeyote aliyemsalimia.

Leonard alimweleza hakimu kwamba Gregori anaendelea vizuri ila polepole. Alikuja na hadithi ya dawa ya kikohozi, na ilichukua muda mrefu kuiacha. Sasa alikuwa ameanza kusema ukweli, na Leonard angependa aongezewe miezi sita. Moyoni Genoveva akasema amina. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, alikuwa tayari kutia sahihi alipoona ile safu ya vitenge.

"Naona familia imekuja," alisema. "Kuna mwenye neno?"

Katika nchi ile hilo ni swali la adabu tu, hujibiwa kwa tabasamu. Mzee Anatoli alikuwa ameshasimama.

Aliisalimu mahakama. Aliishukuru serikali. Alimtaja marehemu baba yake Gregori, aliyekuwa mtu wa watu. Kisha akafika penyewe. "Gregori hanywi. Ana vidonda vya tumbo tangu shuleni. Siku ile alikunywa dawa ya kikohozi, na polisi, kwa kutojua dawa zetu, wakadhani ni pombe."

Nyuma yake wajumbe walikubali kwa vichwa, hata Zefania, ambaye alikuwa amembeba Gregori mgongoni zaidi ya mara moja. Leonard akafumba macho.

"Bwana Gregori," hakimu alisema, "wewe umemwambia mshauri wako kwamba unakunywa tangu ujana. Watu wako wanasema hujawahi. Nimwamini nani?"

Gregori aligeuka. Mzee Anatoli ndiye aliyempokea uwanja wa ndege katika baridi kali, akamlaza kwake, akamtafutia kazi. Kumwita mtu huyo mwongo mbele ya serikali ya watu ni jambo ambalo Gregori hakulelewa kulifanya. Akafungua mdomo, akaufunga, akatazama viatu vyake.

"Kama huumwi, huhitaji kitanda," hakimu alisema, akavua miwani. "Wapo wanaokisubiri. Itabidi utumikie kifungo chako."

Hasira ikampanda Genoveva, na haikuwa ya hakimu. Ilikuwa ya zile shingo zilizofungwa tai vizuri kumbeba mumewe mpaka gerezani kwa heshima zote. Nyaguthii alimvuta kitenge akae. Hakukaa.

"Mimi ni mke wake," alisema, kwa Kiingereza chake cha kazini, cha polepole na sauti kubwa. "Na mimi ndiye niliyewapigia simu polisi."

Benchi zima likamgeukia.

"Tulikuwa kwenye sherehe ya ubatizo. Alikunywa tangu mchana. Akamchukua mwanetu, akamweka nyuma bila mkanda, akaondoka. Nikawapa polisi namba ya gari letu wenyewe na kuwaomba wamkamate. Mwanangu yuko hai. Nakuomba usimrudishe nyumbani, na jela usimpeleke. Mwache alipo mpaka apone."

Gregori alikuwa anamkodolea macho. Miezi yote ile aliamini ilikuwa bahati mbaya tu, askari aliyepita njia. Genoveva hakuyakwepa macho yale, ingawa aliona huenda ndoa yake inaishia pale. Alimpenda.

Kisha Gregori akamgeukia hakimu. "Naitwa Gregori," alisema kwa ile sauti ya kila asubuhi. "Mimi ni mlevi. Yule ni mke wangu, na anasema kweli."

"Woiye," alinong'ona Nyaguthii kwa huruma. Hakimu akaongeza miezi sita, akaita kesi nyingine.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, wajumbe walikumbuka ghafla kwamba wana kazi. Walimpita Genoveva kwa haraka, wengine bila kwaheri. Mzee Anatoli peke yake ndiye aliyemsubiri.

"Umetuvua nguo, mwanangu," alisema. "Polisi? Kwa mume wako? Na wazee tulikuwa tumejaa pale kwenye ubatizo, nyumbani kwangu. Ungekuja kwangu kwanza, ningemzuia."

"Nilikuja kwako kwanza, Mzee," Genoveva alisema. "Nilimwibia funguo za gari nikakupa wewe mkononi. Ukamrudishia, ukaniambia mwanamume haaibishwi mbele za watu. Kisha ukamjazia glasi nyingine."