Salamu ya Mikono Miwili

Mfupa umeunga. Ukitaka kunikasirisha mpaka leo, niambie hivyo tu. Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani akasema mfupa umeunga. Mume wangu Yonas akasema mfupa umeunga. Mama yake naye, ambaye picha ile alikuwa ameishika kichwa chini, akasema mfupa umeunga. Na wakati huo mkono wangu wa kulia ulikuwa unawaka moto mwezi wa kumi na nne.

Niliuvunja mwaka tisini na saba, nilipoanguka kutoka juu ya lori la mpunga tukipandisha mlima kutoka Mtowisa. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa, Yonas hana kazi, na siku zile kila mtu aligeuka mfanyabiashara, basi na sisi tukawa tunateremka bondeni kununua mpunga na kuuleta mjini. Plasta ilitolewa baada ya wiki sita. Maumivu hayakutoka nayo. Mkono ulivimba, ngozi ikawa inang'aa, na hata khanga ikinigusa vidoleni nasaga meno. Upepo wa Juni kwetu Malangali ndio usiseme.

Kuchota maji kwa mkono mmoja nilijifunza. Kusonga ugali nilijifunza, vibaya. Kilichonishinda ni salamu. Kwetu Wafipa, mke wa mtoto hamwamkii mama mkwe kwa shikamoo ya mdomo peke yake. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, kiganja kwa kiganja, mpaka aitikie. Mimi nilikuwa nachuchumaa na mkono nimeukumbatia kifuani. Mama alikuwa anaitikia huku anatazama ukuta, na kwa majirani alisema nimeingiwa na kiburi cha biashara. Biashara yenyewe ilikuwa magunia matatu.

Sikutaka anihurumie. Nilitaka aamini tu kwamba inauma, basi. Kuumwa kulinichosha, na kujieleza kulinichosha zaidi.

Aliyeniamini ni Bwana Flavian wa hospitali ya misheni, yule anayewalaza watu kabla ya kupasuliwa. Mji mzima ulimwita Bwana Usingizi. Aliugusa mkono wangu kwa pamba, akaniona nilivyoruka, akaniambia kuna daktari mgeni alimfundisha kitu. Ni ketamini, dawa ileile ya chumba cha upasuaji, ila kidogo, kwa dripu, kwa muda wa saa nne kila siku, siku tano.

"Mishipa yako ya fahamu imezoea kupiga kelele, Redempta," alisema. "Tutajaribu kuinyamazisha. Kelele zikirudi, na wewe urudi. Kupona sikuahidi."

Nilimpenda kwa kutoahidi.

Yonas alikuwa Mtowisa, kwa hiyo aliyenisindikiza ni mama yake. Alipouliza ni dawa gani hiyo, Bwana Flavian alikuwa na haraka. "Ya usingizi, bibi," akajibu, akaendelea kutafuta mshipa. Mama akaridhika, akakaa kwenye benchi kando ya kitanda.

Sikulala. Kitanda kilikwenda mbali nami nikabaki, dari ikashuka, sauti za watu zikawa zinatoka ndani ya ndoo. Niliogopa, halafu nikachoka kuogopa. Mkono niliuona pale pembeni na haukuniambia kitu. Miezi kumi na minne, jamani, na leo umekaa kimya. Nililia kwa raha. Siku ya tatu, katikati ya hayo, nilimwona mama kwenye benchi nikakumbuka sijamwamkia. Kama nilimwamkia kweli au niliwaza tu, sijui.

Dripu ilipotolewa, mama alikuwa ananitazama usoni. Alikuwa hajanitazama hivyo tangu nianguke.

"Umeniamkia, mama Steven. Kwa mikono miwili. Makofi yamelia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili amegeuka."

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani ameona dawa inavyofanya kazi.

"Kumbe mkono mzima," akasema.

"Ni dawa hiyo, mama. Imeyazuia maumivu."

"Ni dawa ya usingizi. Aliyelala hawezi kujifanya. Unajifanya ukiwa macho."

Bwana Flavian alimweleza, na alieleza vizuri, kwamba dawa ikiwa kidogo mtu halali, maumivu tu ndiyo yanaachia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Mwanangu, wewe mwenyewe uliniambia usingizi," akasema. Bwana Flavian akakuna shingo. Kweli alisema.

Siku ya tano tulirudi nyumbani na mkono umetulia. Asubuhi yake nilichuchumaa nikapiga makofi, asubuhi niliyoingoja zaidi ya mwaka, na mama akaitikia kama mtu aliyemshika mwizi. Yonas aliporudi aliambiwa kabla hajavua viatu. Hakunigombeza. Alicheka, akasema afadhali yameisha, safari ijayo tutakwenda wote. Iliniuma kuliko matusi.

Siku ya tisa tangu turudi nilikuwa napepeta mchele, moto ukarudi. Ulianzia kidole kidogo na kufika adhuhuri ulikuwa kwenye kiwiko. Bwana Flavian alikuwa amesema nirudi. Lakini kurudi kulitaka msindikizaji, na nikimtaka msindikizaji itabidi nianze upya: inauma, mfupa umeunga, inauma, mbona hospitali ulipiga makofi. Nilijipima nikaona nguvu hiyo sina. Za kuvumilia mkono, labda zilikuwepo.

Kesho yake nilichuchumaa mbele ya mama nikapiga makofi, kiganja kwa kiganja, bila kuruka hata moja. Jasho lilinitoka mgongoni katika baridi ile. Mama aliitikia vizuri, akaniuliza nimelalaje.

Nikamwambia nimelala salama.