Mshahara wa Kula

Wafanyakazi wenzake kwenye ghala la rangi walimwita Mchumi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa karani wa stoo, mwembamba, nadhifu, mtu wa kupeleka shati kwa fundi ageuze kola ikichakaa upande mmoja. Saa ya chakula cha mchana watu walimzunguka kumsikiliza akieleza namna mtu wa mshahara mdogo anavyoweza kuiacha kazi kabla kazi haijamwacha. Siri yake, alisema, ni moja tu. Nyumbani kuna mishahara miwili: mmoja wa kula, mmoja wa kuweka. Wa kula unaliwa mpaka uishe na wala hakuna wa kulaumiwa. Wa kuweka hauguswi na mtu, hata kama watoto wanalia. Watu walitikisa vichwa kwa kustaajabu, wakaenda kukopa nauli.

Jambo ambalo hakulieleza, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, ni kwamba wa kuweka ulikuwa wake na wa kula ulikuwa wa mkewe.

Mkewe alikuwa mwoka mikate. Mtaani walimwita Mama Mkate, na jina lilimkaa vizuri, maana alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye kicheko cha karibu na harufu ya hamira ambayo sabuni haikuiweza. Tangu alipoolewa alikuwa akisimama mbele ya matanuri ya kiwanda kimoja cha mikate, miguu ikivimba, uso ukiwiva. Mshahara wake haukupishana sana na wa mumewe. Ndio uliolipa unga na mafuta, kodi ya nyumba waliyopanga, ada za binti yao, dawa, sabuni, michango ya misiba, hata viatu vya mume mwenyewe. Ukifika mwisho wa mwezi umekauka, na yeye anaanza upya kama mtu anayechota maji kwa kikapu.

Msimcheke. Mpango huo aliukubali siku chache tu baada ya harusi, wawili wamekaa kitandani wakigawana chungwa moja, na ulionekana mpango wa watu wenye akili zao. "Pesa ni zetu, mke wangu," Mchumi alimwambia. "Mifuko tu ndiyo tofauti. Tukiwa na vyumba tisa vya kupangisha tunaacha kazi wote wawili. Kodi itatulisha. Wewe utakaa tu, umenyoosha miguu." Mwanamke akiambiwa maneno kama hayo na mtu anayempenda, huku anammenyea chungwa, ataenda kuuliza hati ya nini?

Kwa hiyo walijifunga mkanda. Majani ya chai yalichemshwa mara mbili. Mchumi alikwenda kazini kwa miguu, na mkewe alirudi kutoka kazini kwa miguu, na binti yao kabla hajaolewa alikuwa akisema baba yake akipiga chafya anajilaumu kwa kutoa pumzi. Vyumba vilipanda kimoja kimoja kwenye kiwanja alichonunua Mchumi, vikapangana mstari mmoja vikitazamana na ua. Jumapili wawili hao walikuwa huko huko. Rangi walipaka wenyewe, ile iliyokuwa imeganda kwenye makopo na ghala likataka kuitupa. Mpangaji akihama, Mama Mkate ndiye aliyepiga magoti akasugua sakafu. Kumlipa mtu wa usafi, Mchumi alisema, ni kutupa tofali dirishani. Alisugua, na roho yake ilikuwa nyeupe, kwa sababu mtu hachoki kusugua chake.

Chumba cha tisa kilipopata mpangaji, Mchumi aliaga kazini. Wenzake walimnunulia soda na kiti cha kuegemea. Mkewe alioka keki. Yeye alisimama akatoa hotuba ndefu juu ya kujinyima, na watu walipiga makofi mpaka wakasimama.

Mwezi uliofuata Mama Mkate naye alimwendea meneja wa kiwanda. Daktari alikuwa amekwisha kumwonya juu ya mishipa ya miguuni iliyovimba, kwamba akiendelea kusimama vile itamlaza. Meneja alimuuliza kama amefikiri vizuri, kwa kuwa nafasi yake ikipata mtu haitarudi. "Nimefikiri miaka yote hii," alijibu, akacheka kile kicheko chake. Akakubali kumfundisha atakayemrithi, akamfundisha kwa moyo mmoja, mpaka namna ya kujua joto la tanuri kwa kupitisha mkono tu. Yeye hakumwambia mumewe kitu bado. Alitaka amshangaze siku ya mshahara wa mwisho.

Wiki ile ile chumba cha mwisho kule uani kikawa wazi, akaenda kukisugua kama kawaida yake. Jirani wa chumba hicho alikuwa fundi cherehani, mpangaji mpya, mwanamke wa maneno mengi na mkono mkunjufu. Alimwona akitoka na ndoo, jasho linamtiririka, akamsogezea stuli.

"Kaa kidogo, dada yangu. Utajiua. Kwani huyu mzee anakulipa vizuri?"

"Mzee gani?" Mama Mkate aliuliza, bado anatabasamu.

"Si huyu mwenye nyumba! Siku naingia aliniambia wewe ndiye mtu wake wa usafi, anakulipa kwa mwezi. Akasema tena tusikupe pesa mkononi wala tusikwambie shida zetu, eti una huruma ya kijinga, utatupunguzia kodi kwa mdomo." Fundi akakata uzi kwa meno. "Wote hapa tunajua hivyo. Nilimuuliza, na mama mwenye nyumba je? Akasema mkewe hajihusishi, hata hapa hapajui."

Mama Mkate alifungua mdomo aseme mke mwenyewe ndiye huyu, akaufunga tena. Aliona aibu, na kilichomuuma zaidi ni kwamba aibu haikuwa yake. Alitazama mikono yake, kucha zina rangi ya mlango wa chumba cha tatu. Akamshukuru fundi kwa stuli, akabeba ndoo, akaondoka bila kusema yeye ni nani.

Alimkuta Mchumi kwenye kile kiti cha kuegemea, redio iko sikioni.

"Kwa nini uliwaambia wapangaji mimi ni mtu wa usafi?"

Mchumi alicheka, na kilikuwa kicheko cha mtu aliyeulizwa jambo dogo. "Ah, mke wangu, hiyo ni mbinu tu ya biashara. Wakijua wewe ni mke wangu watakulilia, nawe nakujua, machozi ya mtu yanakulaza njaa. Imetusaidia sana. Mbona umekunja uso?"

"Vyumba vina jina la nani?"

"Langu na la kaka yangu. Ofisi ya ardhi walitaka majina mawili."

"Na mimi je?"

"Wewe siku ile ya kusaini ulikuwa zamu. Ungeomba ruhusa wangekukata siku nzima." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayekumbusha wema aliomtendea mwenzake. "Lakini kwani kuna yangu na yako hapa?"

Hapo ndipo alipomwambia. Kwamba ameaga kiwandani, kwamba mshahara unaokuja ndio wa mwisho, kwamba sasa wamefika pale walipokuwa wakipaota. Alisema huku anamtazama usoni, anatafuta furaha hata ya kuibia. Mchumi alizima redio.

"Umeacha kazi bila kuniuliza?"

"Tuliulizana zamani. Vyumba tisa, tunaacha wote."

"Na matumizi yatatoka wapi?"

"Kwenye kodi. Si ndiyo maana yake?"

"Kodi haiguswi," Mchumi alisema. "Kodi ni ya kuweka. Mimi na kaka tumeshapata kiwanja kingine. Kula ni mshahara wako, siku zote imekuwa hivyo. Sasa wewe ukiacha na mimi nimeacha, hii nyumba italishwa na nani? Kesho asubuhi nenda kamwambie meneja umebadili mawazo."

"Nafasi yangu ina mtu. Nimemfundisha mwenyewe."

"Basi tafuta kiwanda kingine. Bado una nguvu."

Mama Mkate alimtazama. Alikuwa ameishi na mtu huyu akijua sauti ya hatua zake na upande anaolalia, na sasa ndipo alipomwona. Mchumi hakuwahi kupanga kwamba mkewe naye aache kazi. Tangu lile chungwa, uhuru wake ulihesabiwa juu ya miguu ya mkewe: yeye atapumzika, na mwenzake ataendelea kusimama mbele ya moto ili apumzike vizuri. Wala hakumdanganya kwa ubaya. Pengine aliamini kabisa kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo, na hilo ndilo lililomchoma, kwamba alichezewa shere maisha yake yote na mtu ambaye hakuona hata haja ya kuficha. Alikuwa amekula! Hivyo ndivyo itakavyosemwa. Mume aliweka, mke alikula. Vyumba vinaonekana, lakini nani atamwonyesha mtu unga ulioliwa?

Hakupiga kelele. Alipika, akapakua, akaosha vyombo. Siku alipolipwa hakurudi na mfuko wa matumizi kama miezi yote. Alikodi mkokoteni, akapakia godoro la binti yao, jiko, sufuria mbili na nguo zake, akaenda kule uani. Ufunguo wa chumba kilichokuwa wazi ulikuwa bado kwenye pete yake ya funguo, pamoja na nane nyingine. Akaingia, akatandika godoro kwenye sakafu aliyoisugua mwenyewe, akakaa, akanyoosha miguu. Kisha akalia, akalia mpaka kifua kikamuuma. Alimlilia yule msichana wa kitandani mwenye maji ya chungwa vidoleni, aliyeamini.

Mchumi alifika jua linaelekea kushuka, baada ya kukuta meko baridi. Alikuja kwa miguu, anahema. Alibisha mlango taratibu, na wapangaji waliokuwa uani, mmoja anaanua nguo, mwingine anaosha mtoto, wote wakageuza shingo. Fundi cherehani alisimamisha mguu kwenye mashine yake.

"Fungua," Mchumi alinong'ona. "Chumba hiki nimeshamwahidi mtu. Twende nyumbani tukaongee. Watu wanatuangalia."

Mama Mkate alifungua, akasimama mlangoni, macho mekundu, khanga kiunoni.

"Nitakuja," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye geti. "Sitaki hati wala sitaki kodi. Waambie tu hawa watu mimi ni nani, nami nitafunga mizigo yangu sasa hivi."

Na Mungu anajua, alimaanisha. Angerudi. Angetafuta kiwanda kingine, angesimama tena mpaka miguu ipasuke, kwa neno moja tu lililosemwa mbele za watu.

Mchumi alimtazama, akawatazama wapangaji, akatazama mlango. Mama Mkate aliyaona macho yake yakifanya kazi. Aliijua hali ile. Ndivyo alivyokuwa sokoni kabla hajataja bei. Akisema ni mke, mbele ya mashahidi wote hawa, basi mke ana lake humu ndani. Akisema ni mtu wa usafi, mtu wa usafi hawezi kulala bure kwenye chumba cha kodi. Alilamba midomo. Akajiweka sawa kola.

"Jamani, msishtuke," akawaambia kwa sauti ya mwenye nyumba. "Huyu ni mpangaji mpya. Atalipa mwisho wa mwezi kama nyinyi."

Kisha akageuka, akaenda zake kwa hatua za haraka, bila kutazama nyuma. Fundi cherehani aliachia mashine, akachukua ile stuli yake, akaja akaiweka mlangoni.

"Karibu, jirani," akasema.

"Ahsante," Mama Mkate akajibu, maana ndiyo mara ya kwanza mtu kumkaribisha ndani ya nyumba hizo.