Ngano Isiyovutika

Mama Sauda, mwoka mikate wa Kizwite, hana mashine ya kupimia ngano. Ana meno. Anatafuna konzi nzima, anameza maji yake, kinachobaki mdomoni anakivuta kwa vidole kama bigijii. Kikivutika, gunia linaingia. Kikikatika, unarudi nalo kwenu. Miaka kumi na moja ngano ya marehemu mke wangu Avelina haikuwahi kurudishwa kijijini kwetu Pito. Safari hii niliipeleka bila yeye, na nilitaka mlango ule ubaki wetu.

Mwaka huu ngano ilinenepa kweli. Loth, bwana shamba wetu, alinipiga picha shambani akawatumia wakubwa zake. Siku ya kupeleka akanifuata hadi kwa Mama Sauda, apige nyingine.

Mama Sauda akatafuna. Akavuta. Ikakatika. Akajaribu gunia la pili, akatema chini.

"Baba, umeniletea wanga mtupu. Mkate wa hii utalala kama maiti. Wapelekee wenye kuku."

"Lakini mama, tazama punje zilivyojaa!"

"Hata mimi nimejaa. Nguvu ziko wapi?"

Wateja wakacheka. Loth akakohoa.

"Ni hewa, mzee. Moshi wa dunia nzima umezidisha hewa ya ukaa. Ngano inaila, inajaza wanga, protini inabaki nyuma. Ukikosa na urea, mbolea ya kukuzia, ndiyo basi."

"Urea si mlisema inakuja? Imefika ngano imeshakauka."

"Ilichelewa huko juu."

"Na haya ya hewa umeyajua lini?"

"Kwenye semina, mwaka juzi."

"Ukanyamaza."

"Mimi naulizwa magunia, mzee. Kilichomo ndani hakuna anayeniuliza."

Nikachota konzi nikamsukumia mdomoni. "Tafuna, mtoto wa serikali!"

Akatafuna, akameza yote. "Tamu," akasema, akapanda pikipiki yake, akaondoka.

Ndipo Modesti, mkulima wa Kasense, akafika na guta la magunia. Yeye hakungoja urea ya wakubwa. Aliuza mbuzi, akanunua urea mapema. Ngano yake ikavutika. Si kama zamani, lakini ikavutika.

"Mwenzio mgongo unamsumbua," Mama Sauda akaniambia. "Msaidie kuingiza, nitakupa mkate. Na mwakani usijisumbue, baba. Nilimjua Avelina. Wewe sikujui."

Tusi lilinifika kooni. Lakini tangu asubuhi sikuwa nimekula. Nikainama, nikatwishwa gunia la Modesti, nikapita nalo mlangoni.

Mkate wenyewe ulikuwa wa jana.