Mpaka Kanisani, Halafu Mgeuze

Kila aliyemtakia Yasmin mema alimwambia anunue Korola. Patrick, waliyefanya naye kazi kwenye ofisi ya ushirika wa mpunga kule Dakawa, alimpeleka mwenyewe kwenye yadi moja ya Msamvu, akamwonyesha Korola nyeupe na kuipiga kofi kwenye boneti kama mtu anayesifia ng'ombe.

"Spea za hili hata Gairo unazipata," alisema. "Hilo unalolitaka wewe, kiwanda chenyewe kilishafungwa. Likiharibika utampigia simu nani? Marehemu?"

Yasmin alicheka, lakini moyo wake ulikuwa umeshakwea mlimani. Alipokuwa mdogo, baba yake alimwendesha daktari mmoja mgeni kwenye gari la aina hiyo, na siku daktari akiwa safarini, baba alikuwa akimpitisha Yasmin shuleni. Alikaa kiti cha mbele, miguu haigusi sakafu, akajiona binti wa waziri. Sasa gari kama lile lilikuwa limetangazwa kwenye simu. Lilikuwa Nyandira, juu Uluguru, kwa mfanyabiashara wa mboga aliyelinunua kwa mhadhiri mmoja wa kigeni aliyerudi kwao. Petro, fundi wake, alikuwa ameahidi kumsindikiza, lakini asubuhi ya Jumamosi akapiga simu kusema amelala na homa. Yasmin akajiambia kwamba magari ya ofisi ameyaendesha miaka mingi, atashindwa na hili? Akapanda basi la asubuhi peke yake.

Mwenye gari, Ezekiel, alimpokea pale basi liliposimama. Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, mwepesi wa kucheka. Alimpokea mkoba kabla hata hajamsalimu. Nyumbani kwake, pale juu ya barabara, alivuta turubai, na Yasmin akajikuta ameziba mdomo kwa kiganja. Rangi ya bluu ya giza, pua ndefu iliyoinama, viti vya ngozi vilivyoanza kufumuka kwenye mishono. Lilikuwa lile lile.

"Ufunguo wake unachomekwa huku chini," Ezekiel alimwonyesha tundu lililokuwa katikati ya viti vya mbele, karibu na gia. "Na hautoki mpaka uweke rivasi. Wenyewe walikuwa na akili zao."

Mkewe akaja na chai. Aliitwa Bernadeta, na mgongoni alikuwa amembeba binti yao, Upendo, mtoto wa mwaka mmoja na kitu.

"Habari za hapa, mama Upendo?" Yasmin alimsalimu.

Bernadeta alimtazama mumewe kwanza.

"Za hapa nzuri," akajibu Ezekiel. "Huyu hana maneno mengi." Akacheka. Yasmin naye akacheka kwa adabu, kisha kicheko chake mwenyewe kikamkera, asijue kwa nini. Ezekiel aliponyanyua mkono kufukuza nzi, Bernadeta alifumba macho. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu, chai haikumwagika, lakini Yasmin aliona.

Wakawa tayari kwenda kulijaribu gari, Ezekiel ameshafungua mlango wa abiria, ndipo lori la kupakia kabichi likaingia uani na dereva wake akaanza kugombana na wapakiaji. Ezekiel akasita. Alilitazama lori, akalitazama gari.

"Mama Upendo atakwenda na wewe," alisema hatimaye. "Mpaka kanisani, halafu mgeuze." Alinyoosha kidole ng'ambo ya bonde, kwenye paa la bati lililong'aa mahali barabara ilipozunguka. "Nitawaona nikiwa hapa hapa. Mtoto mwache."

"Anaharisha," alisema Bernadeta.

Lilikuwa neno la kwanza Yasmin kulisikia kutoka kinywani mwake. Ezekiel alilitazama shati lake.

"Haya, nendeni naye."

Gari liliwaka mara moja. Yasmin aliliteremsha polepole, akisikiliza injini na kuzikanyaga breki kila kona. Bernadeta alikuwa amemhamishia mtoto mapajani, akitazama mbele tu. Nje, wanawake walikuwa wakipalilia njegere kwenye matuta yaliyokuwa wima kama ngazi. Usukani ulikuwa mwepesi, breki zilishika. Mwanamke huyu ni mwenye haya tu, Yasmin alijiambia, na mimi nimezoea kudhania watu vibaya. Walipofika kanisani akapunguza mwendo, akakata usukani ili ageuze.

Bernadeta akamshika mkono.

"Dada, usigeuze. Nakuomba kwa Mungu wako. Twende moja kwa moja."

"Twende wapi?"

"Mjini. Popote. Nina dada yangu Gairo." Aliongea haraka, kwa lafudhi ya Kiluguru, macho yake yakiwa ng'ambo ya bonde. "Mtoto haharishi. Nimesema uongo ili anipe."

Gari lilikuwa limekaa mshazari katikati ya barabara. Mguu wa Yasmin ukateleza kwenye klachi na injini ikazima. Akamgeukia Bernadeta.

"Amekupiga?"

"Kupiga nimezoea." Bernadeta alishusha ukosi wa gauni, na Yasmin akaona shingo yenye alama za vidole, nyingine mbichi, nyingine zimeshageuka njano. "Juzi amechimba shimo nyuma ya banda la nguruwe. Akaniita, akaniambia nisimame kando yake. Akachukua mpini wa jembe akanipima, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Halafu akacheka, akasema ni shimo la takataka. Dada, takataka zetu tunatupa korongoni."

Simu ya Yasmin ikaita. Alikuwa Ezekiel.

"Dada, naona mmesimama," sauti yake ilikuwa ya upole. "Limekuzimikia?"

Yasmin alitazama ng'ambo. Kati ya kijani chote kile kulikuwa na doa jeupe lisilosogea. Lilikuwa shati la Ezekiel.

"Hapana, kaka," alisema, na akashangaa kusikia sauti yake imetulia. "Najaribu rivasi."

"Sawa. Nawasubiri."

Mkono wake ulitafuta ufunguo kwenye usukani, kwa mazoea, ukapapasa na kupapasa pasipo na kitu. Bernadeta akauchukua mkono ule na kuushusha katikati ya viti. Injini ikawaka. Hapo Yasmin alikuwa na nafasi ya kurudi. Alifikiria kuitwa mwizi wa gari, alifikiria kazi yake, alifikiria mambo ya mume na mke ambayo mama yake alimkataza kuyaingilia. Kisha akauona mpini wa jembe. Akaelekeza pua ya gari mteremkoni na kukanyaga mafuta.

Simu ikaanza kuita tena. Iliita mpaka ikakatika, ikaita tena. Hakuna aliyeigusa.

Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye misitu ya chini, na barabara ilikuwa ya vumbi na mawe, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu. Mwendo wa Yasmin ulikuwa wa kukimbia na kuogopa kukimbia. Tumbo la gari likikwaruza jiwe, wote wawili waliguna. Pikipiki ikatokea kwenye kioo cha nyuma. Bernadeta akajikunja juu ya mtoto. Ikawapita, imebeba matenga ya nyanya. Ikatokea nyingine, na hii haikuwa na matenga.

"Ni yeye," alisema Bernadeta bila kugeuka. Aliujua mlio wake.

Ezekiel aliwapita kwenye kona, akasimamisha pikipiki mbele ya kidaraja chembamba, akailaza barabarani. Hapakuwa na pa kupita. Yasmin alikanyaga breki, akaanza kutafuta namna ya kufunga milango. Vitufe vyote vilikuwa mahali asipopazoea. Bernadeta alibonyeza kimoja na milango ikafungwa kwa pamoja, lakini kioo cha upande wa Yasmin kilikuwa wazi nusu, na kilipanda polepole mno.

Ezekiel alikuja akaweka mkono juu ya kioo. Alikuwa anatabasamu.

"Dada Yasmin, pole. Ningekuambia mapema, nimeona aibu. Mke wangu ana matatizo ya kichwa. Akishikwa anasema mambo ya ajabu. Amekuambia nini? Habari ya shimo?"

Sauti ile ilikuwa ya mtu mwema aliyechoka. Yasmin alihisi shaka ikimwingia kama maji ya baridi. Je, kama ni kweli? Alimgeukia Bernadeta, na Bernadeta hakujitetea. Alikuwa anamfungia mtoto kifuani kwa kanga, akikaza fundo kwa meno, kama mtu anayejiandaa kuruka. Shaka ikamtoka Yasmin.

"Toa pikipiki, kaka," alisema.

Tabasamu likaondoka. Mkono wa Ezekiel ukaingia dirishani mpaka begani, ukapita mbele ya kifua cha Yasmin, ukaufikia ufunguo na kuuzungusha. Injini ikafa. Akauvuta. Haukutoka. Gari lilikuwa kwenye gia namba moja. Ezekiel, aliyeijua siri hiyo kuliko wote, alikuwa amesahau kwa hasira, akawa anavuta na kutukana kwa sauti ya chini, mdomo wake karibu na sikio la Yasmin. Yasmin alijibana kwenye kiti. Bernadeta aliinama akaung'ata ule mkono.

Ezekiel alipiga ukelele, na juu ya ukelele ule honi ikalia. Basi lililokuwa linapanda kutoka mjini lilikuwa limesimama ng'ambo ya kidaraja. Dereva akachungulia. Kondakta akaruka chini, na nyuma yake abiria, akina mama wa Nyandira na matenga yao matupu.

"Vipi hapo, Ezekiel?" mmoja aliuliza.

Yasmin hakusahau kamwe kilichofuata. Uso wa Ezekiel ulijipanga upya mbele ya macho yake. Akautoa mkono, akaushusha ukosi wa shati, akacheka.

"Tunajaribu gari, mama. Pikipiki imeniangusha." Akaiinua, akaisogeza kando. Kisha akainama dirishani kwa mara ya mwisho. "Pita, dada. Tutaonana mjini."

Aliwafuata njia nzima. Hakuwapita wala hakuachwa mbali. Yasmin akipunguza, naye alipunguza. Walipoingia kwenye lami pale Sangasanga, malori ya barabara ya Iringa yaliwameza, akawa anaonekana na kupotea. Yasmin hakwenda nyumbani, maana hakutaka apajue. Alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi, akaegesha mbele ya mlango, wakaingia ndani.

Askari wa dawati la jinsia, mwanamke mmoja aitwaye Joyce, aliitazama shingo ya Bernadeta na kufunga mlango. Bernadeta alikuwa hajamaliza kueleza, Yasmin akisubiri mapokezi, Ezekiel alipoingia, amenawa uso, amekuja kushtaki wizi wa gari. Alipompita Yasmin kwenye benchi alisimama.

"Umelionaje, dada?" alimuuliza. "Si zuri?"

Usiku ule Ezekiel alilala mahabusu. Alipotoka kwa dhamana, Bernadeta na mtoto walikuwa wameshafika Gairo, Joyce mwenyewe akiwa amewapandisha basi. Gari alirudishiwa. Kesi ilianza kusikilizwa, ikaahirishwa, ikaitwa tena. Yasmin alikwenda kila alipoitwa, akasema alichokiona, huku macho ya Ezekiel yakiwa juu yake kwa adabu ile ile.

Yasmin alinunua Korola. Alilizungusha ndani ya yadi tu, akasema linafaa. Patrick alifurahi na kusema, si nilikuambia. Yasmin hakumweleza yote. Asubuhi akienda Dakawa, pikipiki ikikaa nyuma yake kwa muda, alikuwa akisogea pembeni na kusimama mpaka impite.

Jumapili moja akaenda Gairo. Dada yake Bernadeta alikuwa na chumba na duka la karanga karibu na soko. Yasmin aligonga, akajitaja jina. Mlango haukufunguliwa. Akajitaja tena. Komeo likavutwa, kisha la pili, na Bernadeta akatokea, amenenepa kidogo, Upendo ameshika gauni lake, amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Walikumbatiana mlangoni kwa muda mrefu.

"Karibu, dada, karibu. Ugali uko tayari." Kisha Bernadeta akachungulia barabarani juu ya bega la Yasmin. "Umeegesha wapi?"

"Hapo hapo mbele."

"Lipeleke nyuma," alisema Bernadeta kwa upole. "Halafu ndiyo tule."

Yasmin alirudi kwenye gari na kulipeleka nyuma ya nyumba.