Mlango wa Stoo kwa Bi Hurmatoy

Bi Hurmatoy wa mji wa Margilan aliweka sahani mbili za maziwa, moja ndani ya mlango wa stoo, moja nje, akauliza kama zimelingana. Mohira, mke wa mwanawe, akasema zimelingana. Bi Hurmatoy hakuridhika. Akainama, akapima kwa kidole, akaongeza tone kwenye ile ya nje, maana ya nje ilikuwa ya Begoyim, na Begoyim ndiye mwenye nyumba.

Begoyim alikuwa paka wa kijivu, mzee, mwenye maringo. Aliacha kukamata panya siku aliyogundua kwamba hata asipokamata atalishwa. Panya wakazidi mpaka wakaingia kwenye zabibu kavu za wageni, na hapo ndipo akaletwa Momik, paka mchanga anayeenea kwenye bakuli la chai. Daktari wa mifugo pale sokoni alisema wasikutanishwe ghafla. Mgeni akae nyuma ya mlango uliofungwa, wale pamoja kila mmoja upande wake, wabadilishane vitambaa ili wazoeane harufu, na mtu asiwaharakishe. Siku watakapopatana, mlango uachwe wazi.

"Mgeni hatupwi tu nyumbani kwa mwenzake," Bi Hurmatoy alimweleza jirani yake, Bi Totikhon, aliyekuwa ameegemea ukuta wa ua kama kawaida yake. "Azoezwe taratibu. Kiumbe ana moyo ati."

"Makubwa!" akasema Bi Totikhon. "Na huyu Mohira ulimzoeza lini, shoga? Harusi jana, alfajiri tunamwona barabarani na ufagio."

"Mohira ni mtu. Mtu anaelewa."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Hurmatoy aliona hata hizo mbili ni za kudekeza watu.

Mume wa Mohira alikuwa Urusi anajenga nyumba za wengine, na Mohira alikuwa na haja moja tu duniani: kwenda Rishton kumwona mama yake. Ni mwendo wa saa moja kwa gari. Lakini mke wa mwana hatoki bila ruhusa ya mama mkwe, na tangu aolewe, kila akiomba jibu lilikuwa lile lile. "Bado hujatuzoea. Ukienda sasa, utarudi na moyo wa huko."

Basi siku hiyo ya kwanza Mohira akaingia stoo na paka mchanga kifuani, akaufunga mlango nyuma yake. Kulikuwa na magunia ya vitunguu, kulikuwa na chupa za achari, na baada ya chupa za achari kulikuwa na ua wa mama yake, Rishton. Mama yake alikuwa kwenye tanuri anabandika mikate.

"Umeufunga vizuri mlango?" akauliza mama. "Kuku watatoka."

Mohira akahakikisha umefungwa. Akanawa mikono, akakanda unga, akalia kidogo. Mama yake akamwambia alilie pembeni, unga ulishatiwa chumvi. Momik alipomaliza maziwa, Mohira alirudi na mkate wa moto kwapani.

Bi Hurmatoy aliumega, akatafuna. "Mama yako anazidisha chumvi."

"Mguu unamsumbua, mama. Siku hizi anakanda amekaa."

"Pole yake. Kapige deki."

"Sasa mama, kama nimeshafika huko, si uniruhusu tu niende hata siku moja?"

"Huko umekwenda kulisha paka," akasema Bi Hurmatoy. "Kwenda kwenu ni jambo jingine."

Mohira hakuwa mjinga. Aliona kwamba mlango ukiwa wazi, stoo ni stoo: vitunguu, achari, ukuta. Paka wakipatana, mlango utaachwa wazi, na mama yake atabaki Rishton, na Rishton itarudi kuwa mbali. Kwa hiyo alipotumwa kumpangusa Momik kwa kitambaa ili Begoyim azoee harufu yake, alikwenda ukutani akampangusa mbwa wa Bi Totikhon.

Begoyim alinusa, akatutumua manyoya, akapanda paani na kugoma kushuka.

"Maskini mwanangu," Bi Hurmatoy alimbembeleza kutoka chini, ameshika kipande cha nyama. "Umeletewa mtu hukuulizwa. Nani asingeumia?"

Mohira alikuwa karibu naye, anafua. Mambo yakaendelea hivyo, Begoyim paani, Mohira kila asubuhi kwa mama yake, mpaka Bi Hurmatoy alipokinusa kitambaa mwenyewe.

"Hebu niambie. Tangu lini mtoto wa paka akanuka mbwa?"

Mohira akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Lete sahani. Leo naingia mimi."

Akaingia, akafunga. Alikaa sana. Begoyim alishuka, akala, akalala. Chai ikapoa kwenye birika. Bi Hurmatoy alipotoka, kilemba kilikuwa kimemwangukia mabegani, na vidole na midomo yake ilikuwa myeusi kwa maji ya matunda ya forosadi. Nyumba ile haina mforosadi. Kwao alikozaliwa ulikuwepo, ukakatwa barabara ilipopanuliwa, mwaka ule ule waliomzika mama yake.

"Amekula," akasema.

Kesho yake alitangaza kwamba kulisha paka mchanga ni kazi nzito, ataifanya yeye.

"Tugawane, mama," Mohira akasihi. "Asubuhi mimi, jioni wewe."

"Wewe? Wewe wa mbwa?"

Na Momik, ambaye hakuna aliyemwuliza, akapita siku moja katikati ya miguu ya Bi Hurmatoy akatoka uani. Begoyim alimtazama, akamlamba sikio, na wote wawili wakalala juani, mmoja juu ya mwenzake.

"Shoga, wamepatana hao!" Bi Totikhon akapiga kelele ukutani. "Fungua mlango!"

"Bado," akasema Bi Hurmatoy, akiwaruka hao paka na sahani yake mkononi. "Wanajifanya. Haraka haraka haina baraka."

Mwezi wa sita simu ikaja kutoka Rishton. Mama yake Mohira alikuwa ameanguka mbele ya tanuri na hawezi kusimama. Mohira akaomba kwa magoti, pale pale kwenye mlango wa stoo.

"Utakwenda, mwanangu, nimekukataza?" akasema Bi Hurmatoy, na kwa kweli sauti yake ilikuwa ya upole. "Zoea kwanza."

Akaingia na maziwa, akafunga. Momik alikuwa nje, anacheza na mkia wa Begoyim.

Mohira alibaki amepiga magoti, na kwa vile mlango ule ni mwembamba, alisikia yote. Alisikia sauti ya mama mkwe wake, nyembamba, ya msichana.

"Ameniruhusu, mama. Wallahi, mwenyewe kaniambia nikae mpaka jioni."

"Yule mama mkwe wako?" ikauliza sauti ya mwanamke mwingine. "Ameingiwa na huruma lini?"

"Amebadilika, mama," akasema Bi Hurmatoy. "Siku hizi hata sihitaji kuomba."

Mohira akainuka, akajipangusa magoti, akaenda jikoni kumenya karoti za mchana.