Bastola ya Eliakim

Hobert alipokufa mwezi wa Februari, watu wa mazishi walichomeka kibati kaburini, jina lake likiwa kwenye karatasi chini ya kioo. Kufikia Aprili maji yalikuwa yameingia na jina limekuwa doa la wino. Pale kilimani kwetu kuna makaburi kumi na moja yasiyo na jina, mawe ya mtoni tu. Kila Mei, Jumapili ya kupamba makaburi, tunayang'olea magugu na hakuna ajuaye ni ya nani. Sikutaka mume wangu awe wa kumi na mbili. Mchonga mawe alitaka dola mia sita na arobaini. Sikuwa nazo. Nilikuwa na bastola.

Ilikuwa ya babu yake Hobert, Eliakim Ratliff, askari wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Kila mtoto wa kaunti hii anajua jinsi alivyolizuia daraja la Laurel peke yake mwaka 1896, mbele ya ndugu watatu wenye bunduki. Bastola yenyewe ni ndogo, inaenea kiganjani, ya risasi tano, imepakwa nikeli. Juu ya mtutu pameandikwa 1887. Kila Krismasi Hobert aliitoa kabatini, akaipaka mafuta, akasema, "Lorene, hii ndiyo benki yetu. Nikitangulia, uza." Aliendelea kuyasema hayo hata vumbi la makaa ya mawe la mgodini lilipokuwa limemwachia pumzi ya maneno mawili matatu tu.

Basi nikaenda kwa Osby Tackett, mwenye duka la silaha, aliyefanya kazi na Hobert mgodini. Wifi yangu Verlie, dada yake Hobert, ndiye aliyeendesha gari.

"Shemeji," Osby akasema nilipoiweka mezani, "umekuja kuniua au kuniuzia?"

"Kukuuzia. Kuua ni dhambi."

"Heri ungeniua. Pesa sina."

"Pesa hana, tumbo analo," Verlie akasema, akavuta kiti.

Osby akacheka, akavaa miwani. Aliikunjua bastola katikati, akahakikisha haina risasi, akautazama mtutu kwenye taa. Akachungulia tundu moja moja, kama mwanamke anayechagua maharagwe.

"Ya risasi thelathini na mbili, zile fupi," akasema. "Hizi ziliuzwa madukani pamoja na misumari na sabuni. Nyingine watu waliagiza kwa posta."

"Ni ya 1887," nikamwambia. "Imeandikwa hapo juu."

Hakucheka, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

"Shemeji, huo ni mwaka fundi aliposajili uvumbuzi wake serikalini. Waliendelea kuupiga chapa kwenye kila bastola miaka na miaka baadaye. Nusu ya watu wanaoniletea hizi hudhani kama wewe."

Akachukua bisibisi, akaufungua mpini, akanionyesha ndani. "Za zamani zina springi bapa, kama ulimi. Hii yako ni ya kusokotwa, kama ya kalamu. Hizi walianza kuzitia mwaka 1909 hivi. Mzee Eliakim alikufa lini?"

Nililijua jibu. Kaburi lake yeye lina jiwe zuri lenye tarehe, nami hulisugua kila mwaka.

"Mwaka 1903."

"Kwa hiyo baba alitudanganya?" Verlie akauliza.

"Sijasema hivyo. Pengine ile ya mzee iliuzwa siku za njaa, mtu akanunua nyingine ya kufanana nayo, watoto wasijue."

"Thamani yake?" nikauliza.

"Nikeli imebambuka. Mtutu umeliwa na kutu. Sabini, na hapo nimemkumbuka Hobert." Akautazama mlango, kisha akanitazama mimi. "Ila watu wa mjini hawanunui chuma, shemeji. Wananunua hadithi. Andika barua, uape mbele ya mwanasheria kwamba hii ndiyo iliyokuwa mkononi mwa Eliakim pale darajani, nakupa mia saba. Leo hii."

"Na springi?"

"Nani atafungua mpini?"

Sisemi uongo, nililiona lile jiwe la Hobert. Niliona hadi herufi, zimechimbwa kwa kina, jina lake kisha tarehe mbili.

"Andika, wifi," Verlie akasema. "Ndivyo baba alivyotuambia. Kusema alichosema baba si uongo."

"Asubuhi haukuwa uongo. Sasa nimejua."

"Umejua springi wewe? Tangu lini? Haya, nipe mimi niandike. Mimi ndiye damu ya Ratliff."

"Bastola ni yangu, Verlie. Nikikupa ili uape, nimeapa mimi."

"Kwa hiyo kaka yangu alale kama mbwa, ili wewe ufike mbinguni na mikono misafi."

Sikuwa na hakika kwamba amekosea. Nilitafuta moyoni andiko la kunipitisha. Shule niliacha darasa la sita, lakini Biblia naijua. Sikulipata.

"Sabini," nikamwambia Osby. "Bila barua."

Sabini haifikii hata msingi wa jiwe. Lakini sikuweza kuirudisha kabatini, niwe naiona kila nikifungua.

"Na usimwambie mtu kuwa ni ya Eliakim," nikasema.

"Sitaandika hata neno moja, shemeji."

Tulikuwa bado mlangoni, Verlie anahangaika na vifungo vya koti, alipoingia mwanamume wa viatu vizuri. Nyuma yetu Osby akamwita.

"Njoo uone kitu. Daraja la Laurel umewahi kulisikia? Basi, mimi sisemi. Nimekatazwa kusema. Wewe ishike tu uone inavyokaa mkononi."

Garini Verlie aliweka ufunguo lakini hakuuzungusha.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mia saba yake ataipata. Uongo umesemwa vilevile, sisi ndio tuliokosa pesa."

Akawasha gari. Zile sabini nilikuwa nimezikunja ndani ya glavu. Tulipopita kwa mchonga mawe hakupunguza mwendo, nami sikumwambia apunguze.